Daktari wa Mkono wa Kushoto

Zoezi la Wilaya la Kumtambua na Kumsikiliza Mtazamaji Mwakilishi Kuhusu Filamu Bora na Filamu Duni ya Mwaka, Tarafa ya Mjini. Ndivyo lilivyoitwa, na lilipofika Majengo lilikuwa limeshachoka kama sisi. Bwana Habari, yule afisa kijana mwenye gari la sinema, aliteremka akauliza ni nani hapa hutazama sinema. Watu wakadhani ni mambo ya kodi, wakatawanyika. Aliyebaki ni Kihara fundi viatu, kwa kuwa alikuwa na misumari mdomoni na kiatu cha mwenyewe magotini, na mtu wa hivyo hakimbii. Akawa Mtazamaji Mwakilishi. Basi jioni moja ya Novemba, mwaka wa sabini na tatu, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, tulikaa kwenye benchi letu kando ya duka la mikate tukimsaidia kuwakilisha. Huseni alikuwa na jiko lake na kahawa yake. Huyo tunamwita Birika. Mutahi, aliyekuwa karani wa kaunsili mpaka kaunsili ikachoka naye, alikuwa amevaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Huyo bado tunamwita Karani, asijisikie vibaya. Na Kihara tunamwita Mashoto, maana nyundo yake hukaa mkono wa kushoto, na kila kitu kingine pia.

— Tuanze, alisema Karani kwa sauti ya mkutano anaotaka uishe. Filamu bora ya mwaka.

— Ile ya daktari, akasema Mashoto.

— Filamu haiitwi "ile ya."

— Wewe unajua jina?

— Jina lilipita haraka.

— Basi ni ile ya daktari. Ako na gari mbovu, anazunguka akitibu watu, wabaya wanakuja, anaweka kalamu chini, anachukua bunduki.

— Na sababu ya ubora?

— Anaandika na mkono ya kushoto.

Birika alimimina kahawa bila kutazama mtu.

— Hiyo si sababu, Mashoto. Sababu ni kama mandhari. Ama mafunzo kwa wananchi.

— Karani, sikia. Anaandika dawa na kushoto. Anapiga bunduki na kushoto. Anasalimia chifu yao na kushoto, na chifu hakasiriki! Tangu nizaliwe, hiyo ndiyo maendeleo mimi nimeona na macho yangu.

Hapo hatukubisha, maana sote tulijua habari ya Warigia. Warigia ni mjukuu wa Mashoto, yuko darasa la pili, analelewa na babu kwa kuwa mamake anafua mashuka kwenye hoteli moja ya Nanyuki. Mkono wake umefuata wa babu. Kila asubuhi hedimasta, Mwalimu Hezekiah, alikuwa akiufunga ule wa kushoto nyuma ya mgongo kwa kitambaa. Hakufanya kwa ukali. Alifanya kwa utaratibu, jinsi anavyopandisha bendera. Mashoto alikwenda kumwona. Mwalimu akamwambia kwamba katika maisha yake hajaona mtu wa maana anayeandika kwa kushoto, na siku atakayomwona, hata kwenye picha, atakifungua kitambaa mwenyewe. Mashoto akasema yuko mmoja, daktari mzima. Mwalimu akasema vizuri, nitakuja nijionee. Na kwa mujibu wa Zoezi, filamu bora ingerudishwa kiwanjani Jumamosi, mbele ya wageni wa heshima.

— Mtoto anaandika na kulia huku analia, alisema Mashoto. Hiyo si kuandika. Hiyo ni kulia mara mbili.

— Sisi nyumbani mkono wa kulia ni wa kula, akasema Birika. Lakini daftari haliliwi.

— Wewe ulifungwa? Karani alimuuliza Mashoto.

— Nilifungwa na kamba ya katani. Huyu anafungwa na kitambaa laini. Tumepata uhuru.

Karani alikohoa. Alikuwa na miaka mingi ya kukohoa katikati ya ajenda.

— Tuendelee. Filamu duni. Mimi ningependekeza ile ya josho la ng'ombe. Tumeonyeshwa mpaka ng'ombe wenyewe wameizoea. Lakini haiwezekani. Josho ni la serikali. Ukisema josho ni duni, kesho utaulizwa ulikuwa unamaanisha nani.

— Mimi sina ubaya na josho, akasema Mashoto. Ng'ombe anaingia, ng'ombe anatoka. Hakuna uongo hapo. Duni ni ile ya hakimu.

Ile ya hakimu ililetwa siku mvua ilipotunyima kiwanja. Tukaingizwa kwenye ukumbi wa kijamii, shuka la sinema likapigiliwa misumari ukutani, tukabanana mbele yake na makoti yetu yanayonuka mbuzi. Mwigizaji alikuwa yuleyule wa daktari. Lakini alipoketi kuandika hukumu, alishika kalamu kwa mkono wa kulia. Mashoto alisimama, akavuka magoti ya watu, akatoka kwenye mvua.

— Una hakika ni yeye? aliuliza Birika.

— Birika, mimi kazi yangu ni kuangalia watu. Ni yeye. Ile kidevu iko na shimo. Ile kutembea kama kiatu inamfinya, ni yeye.

— Basi aliumia. Mwisho wa ile ya daktari si alipigwa risasi begani?

— Bega gani?

Birika alifikiri, akafumba macho kuiona vizuri.

— La kulia.

— Sasa mtu akiumia ya kulia anahamia kulia?

— Nimesema tu, bwana. Kahawa ndiyo yangu, hayo mengine nasaidia.

— Ni pacha, akasema Karani. Mmoja alizaliwa hivi na mwingine vile. Kampuni ilipoona wa kwanza anadai sana, ikamchukua ndugu yake.

— Pacha wafinywe na kiatu mguu ule ule?

— Walirithi kiatu.

Mashoto alimtazama. Alikuwa na macho mekundu, maana usiku alikuwa akikaa na Warigia wakiandika kwa mkono usiotaka.

— Karani, mimi sichezi.

— Hata mimi sichezi. Sikiliza sasa, maana hili jambo nimelinyamazia. Si mkono peke yake. Nani aliangalia barabara?

Hakuna aliyekuwa ameangalia barabara.

— Kwa ile ya daktari, gari zilipita kushoto kama hapa kwetu. Kwa ile ya hakimu, gari zote zilipita kulia. Zote! Hiyo si bahati. Hiyo ni waraka. Serikali yao ilikaa, ikaamua kuanzia tarehe fulani kila kitu kiwe kulia: magari, kalamu, vijiko. Na anayetangulia kutii ni nani? Ni hakimu. Ni mtumishi, ako na pensheni.

— Magari yote ya nchi? Kwa siku moja?

— Birika, hapa kwetu barabara ya Tetu ilibadilishwa jina asubuhi, na jioni tulikuwa tumeshazoea. Waraka ukija, mtu anahama.

— Haya, akasema Birika, sasa na mimi niseme. Ubao. Pale juu ya mlango wa daktari palikuwa na ubao umeandikwa. Si Kiingereza kile. Jirani yangu akanigusa akaniambia, Huseni, hicho si Kiarabu chenu? Nikamwambia Kiarabu nakijua nikikiona, hata nisipokisoma. Kile si Kiarabu.

Karani aliteremsha sauti mpaka tukainama.

— Ni Kirusi.

— Ati nini?

— Niliona R imegeuza mgongo. Kirusi ndicho R yake hugeuza mgongo. Sikusema siku ile, kwa sababu hapa mjini hata mabenchi yana masikio.

— Kwa hivyo daktari ni Mrusi, alisema Birika.

— Mrusi. Anaandika kushoto, anaendesha kushoto, na wamekubali hivyo huko kwao. Wamarekani wakamshika. Wakamweka mahali, wakamfundisha upya. Akatoka hakimu.

— Wakamfunga mkono, alisema Mashoto polepole.

— Labda.

— Mtu mzima. Daktari, na bunduki yake. Wakamfunga mkono mpaka akahama. Mashoto alishusha kikombe. Sasa Warigia ni nani asihame?

Birika alipuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa. Ng'ambo, muadhini alikuwa akisafisha koo.

Ndipo akatokea Chiku, dada yake Birika, aliyekuwa ameshuka basi la Nanyuki mchana ule. Alitoka dukani na mkate kwenye karatasi, akajifunika leso mabegani.

— Kaka, nipe kikombe, nimeganda. Wazee, hamjambo? Mnagombania nini na nyuso hizo?

— Sinema, akasema Birika.

— Ipi?

— Ya daktari. Mwenye gari bovu.

— Ah, hiyo! Hata Nanyuki gari liliileta. Wanajeshi walijaa mpaka wakakaa juu ya matangi. Tamu sana.

Mashoto aliinuka nusu.

— Mama, wewe uliiona? Daktari anaandika na mkono gani?

— Si huu? Chiku aliinua mkono wake wa kulia, ule wenye mkate. Kama watu wote, mzee wangu.

— Haiya! Hapana! Na gari zinapita wapi?

— Kulia. Wenzetu huko si ndivyo wanavyoendesha?

— Na ubao? aliuliza Karani. Ubao wa mlangoni, ni Kirusi?

— Kirusi cha wapi? Ni Kiingereza. Hata mimi wa darasa la nne nilisoma.

Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayekagua nyanya sokoni. Halafu akauliza, bila ubaya wowote:

— Kwani ninyi mlikuwa mmekaa upande gani wa shuka?

Sasa yafaa nieleze, kwa kuwa pale benchini hakuna aliyeeleza. Kiwanjani shuka la sinema hutundikwa kwenye miti miwili, na picha hupenya, ikaonekana pande zote mbili. Mbele kuna viti vya wageni, wake zao, watoto wa shule, na upepo unaotoka mlimani bila kusimama popote. Nyuma ya shuka kuna ukuta wa tanuri la mikate, na ukuta ule hutoa joto mgongoni mpaka sinema iishe. Sisi watu wa benchi tumekaa ukutani tangu gari la kwanza lije. Hatujawahi kuona sinema ya kiwanjani kwa mbele. Ni baridi.

Karani alimwomba Chiku ile karatasi ya mkate. Ilikuwa nyembamba, imechapwa jina la duka kwa wino mwekundu. Akaiinua mbele ya taa ya dukani, maandishi yakielekea taa, akaitazama kwa nyuma. Alitazama sana. Akaikunja, akamrudishia, akavua miwani akaifuta.

— R? aliuliza Birika.

— Imegeuza mgongo, akasema Karani.

Birika alitaka kumwongezea Mashoto kahawa, zikatoka sira tupu.

— Kwa hivyo hakuna daktari, alisema Mashoto.

— Daktari yuko, akasema Birika. Mkono ndio hauko.

— Nilishamwambia mtoto. Jana amelala ameshika kijiko na kushoto, ananiambia mimi babu yake, guka, mimi nitakuwa daktari. Jumamosi mwalimu atakuja, ataketi pale mbele, ataona kulia. Hatanicheka, huyo si mtu wa kucheka. Ataongeza fundo.

Chiku aliketi kwenye ncha ya benchi. Nadhani alijuta kuuliza. Karani ndiye aliyezungumza, macho yakiwa kwenye makaa.

— Mwalimu Hezekiah si ana kifua?

— Kibaya, akasema Birika. Anakohoa tangu Juni. Huninunulia tangawizi.

— Na pale mbele pana upepo.

— Pana upepo wa kuua.

— Viti vya wageni hupangwa na nani?

— Si ni wewe, Karani? Tangu uhuru. Hata kaunsili ilipokuachisha, ilisahau kukuachisha viti.

— Basi. Mgeni mwenye kifua hakai kwenye upepo. Hiyo ni kanuni.

— Kanuni ya wapi?

— Mpaka Jumamosi itakuwa na namba.

Mashoto alikuwa ameinamisha kichwa, anaugeuzageuza mkono wake wa kushoto kama kiatu alicholetewa bila kuambiwa kina ubaya gani.

— Lakini hiyo ni uongo, Karani.

— Uongo uko wapi? Alisema anataka kuona. Ataona. Sisi hatutasema neno hata moja. Mimi nimechoka, Mashoto. Nimeandika mambo mengi maishani ambayo hayakuwa kweli na hayakumsaidia mtu.

— Na mimi je, nikae wapi?

— Pale pako pa siku zote. Kwenye joto.

Birika aliligeuza birika juu chini, akaligonga mara moja. Chiku akaukata mkate kwa mikono, akatugawia, tukala. Kisha kila mtu akaenda kwake.

Taarifa ya Zoezi, iliyotumwa wilayani, ilisema filamu bora ya mwaka ni ile ya daktari, kwa sababu ya mandhari na mafunzo kwa wananchi, na kwamba Tarafa ya Mjini haikuwa na filamu duni.

Kilichotokea ni hiki. Jumamosi kiti cha Mwalimu Hezekiah kiliwekwa nyuma ya shuka, kando ya ukuta wa tanuri, kwa ajili ya kifua chake. Alipouona ubao wa daktari alisema ni Kirusi. Daktari aliandika kwa mkono wa kushoto. Jumatatu Warigia alikwenda shule, na kitambaa kilibaki kwenye meza ya mwalimu, akawa anafutia ubao.