Babu Kiti Anastaafu, Mchezo wa Baiskeli Bado

Ndugu wafanyakazi wenzangu, nawasihi sana: yaliyomo humu yaishie humu ukumbini. Mchezo wetu wa mbio za baiskeli haujatangazwa, na mimi, karani mgeni, sijathibitishwa kazini.

Mchoraji wetu wa viwanja, ambaye wote tunamwita Babu Kiti, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa katika studio hii ya michezo ya kompyuta. Nyasi zote mnazozikanyaga kwa vidole gumba ni kazi ya mkono wake.

Jina hilo halikuja bure. Tangu kandanda yetu ya kwanza, ile ya wachezaji wenye miguu ya mraba, hakuna mchezo uliotoka hapa kabla yeye hajaucheza. Si kwamba ni hodari; hata dada wa mapokezi humfunga. Lakini mchezo ukimnyanyua kitini bila yeye kujijua, basi umeiva. Ule wa kuogelea alikaa nao wiki nzima, katulia kama maji mtungini, mpaka fundi sauti akagundua kwamba bwawa halina mlio. Lilipowekewa mlio, babu aliruka akamwaga chai. Wa ndondi ulimsimamisha huku amejikinga taya.

Sasa huu wa baiskeli. Jumatatu, mbele yetu sote, alisimama kwenye mlima wa mwisho. Meneja akapiga makofi: "Umetoka huo! Karani, andika ameupitisha!" Ila mimi nilikuwa nyuma ya kiti, nikamwona akijikanda paja. Huenda mguu ulikufa ganzi. Huenda pia ndivyo mpanda baiskeli anavyojikanda mlimani. Kichwa kimenivurugika. Nilipomuuliza, alicheka tu: "Mjukuu wangu, iulize baiskeli."

Mchezo ukitoka mbichi, lawama zitamwangukia yeye, naye hatakuwepo kujitetea. Kwa hiyo, meneja aniwie radhi, sikuandika kwamba ameupitisha. Nimeandika kwamba alisimama.

Babu, tunakushukuru kwa kila uwanja. Mungu akujalie afya, na mapumziko yasiyo na tarehe ya kukabidhi kazi. Ila kabla hujaondoka, nijulishe. Nipo ghorofa ya pili, meza iliyo nyuma ya mashine ya kuchapishia. Usipige simu, huipokea meneja. Pita tu ugonge mashine: mara moja kama ulikuwa mguu, mara mbili kama ulikuwa mlima.