Kyungu Kabamba (1951–2013), Aliyewafuata Bata wa Baharini kwa Setilaiti

Marehemu Kyungu Kabamba alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 mjini Kalemie, mtoto wa tatu wa karani wa reli. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha akaenda Lubumbashi, alikohitimu ualimu wa biolojia mwaka 1975. Wanafunzi walimwogopa kwa ukali wake na kumpenda kwa habari zake za wanyama.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na Thérèse, wakajaliwa mtoto mmoja, Régine. Walihamia Brussels mwaka 1992, wakapanga nyumba mtaa wa Laeken. Kwa miaka mingi aliosha vyombo hotelini, cheti chake kikiwa kabatini, na hakuona aibu kulisema hilo.

Mwaka 2004 ndipo alipopata kazi ya moyo wake. Taasisi moja ya utafiti ilimwajiri kufuatilia bata weusi wa baharini, ambao hukaa pwani ya Ubelgiji wakati wa baridi na kila Aprili huruka kwenda kaskazini mwa Urusi kutaga. Daktari wa mifugo aliwashonea kifaa kidogo tumboni. Setilaiti ikaleta habari zao, mahali walipo na joto la miili yao, na Kabamba akachora njia yao kwenye ramani. Marafiki hawakuacha kumtania: "Papa Kyungu, miaka yote unachunga bata, na hatuyakula hata moja!" Harusi ya Régine, iliyopangwa Aprili 2009, aliisogeza hadi Julai kwa kuwa bata walikuwa njiani. Thérèse alinuna wiki nzima.

Januari 2013 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kufikia mwisho wa Aprili alibaki bata mmoja tu ambaye kifaa chake kilikuwa bado kinatuma habari, na Kabamba alitaka jambo moja: ajue bata huyo amefika kabla yeye mwenyewe hajaondoka. Régine akawa anamsomea taarifa hospitalini kutoka kwenye simu. Tarehe 19 Mei aliingia mbio.

"Papa, bata yako imefika! Iko fasi moja tangu siku kumi, haitembee tena."

"Température ya mwili iko ngapi?"

"Quatre degrés," alisoma: digrii nne.

Baba alimshika mkono binti yake. "Bon. Imefika, donc. Aksanti, maman."

Kisha akaomba waongee habari za wajukuu. Alifariki tarehe 21 Mei, alfajiri.

Kwenye matanga, Abdallah, aliyefanya naye kazi, alieleza bila kujua anamchoma nani: bata aliye hai huwa na joto la digrii arobaini na moja. Wa digrii nne amekufa. Régine alitoka nje, akalia kwa sauti. Ni yeye mwenyewe aliyeomba haya yasomwe mbele yenu.

Marehemu ameacha mjane wake, Thérèse, binti, Régine, wajukuu wawili, na dada yake, Clementina, aliyeko Kalemie. Tumeumia sana. Kabamba apumzike kwa amani, na wewe Régine ujisamehe: baba alijua, na bado alikushukuru.