Zlatina Marinska na Bahari ya Ghorofa ya Nne

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Ruse leo, Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, asanteni. Maneno haya yameandikwa na Kamen, kaka wa marehemu. Mumewe, Yasen, amesema yasomwe yote, hata yanayomhusu mwenyewe. Basi msimkodolee macho.

Marehemu Zlatina Kirova Marinska alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mjini Svishtov, kando ya mto Danubi. Walizaliwa wawili tu, yeye na Kamen. Siku moja kaka yake alimwaga ndoo yake ya viluwiluwi, akanuniwa tangu Pasaka hadi wakati wa mavuno.

Alisoma Svishtov, kisha akaenda Varna kusomea ufundi wa meno bandia, akahitimu mwaka 1982. Huko ndiko alikoiona bahari kwa mara ya kwanza, akarudi nyumbani akilalamika kwamba haina rangi.

Tangu mwaka huo hadi alipostaafu mwaka 2023 alitengeneza meno bandia hapa mjini. Wapo waombolezaji watakaotafuna ngano ya kuchemshwa, chakula chetu cha matanga, leo kwa kazi ya mikono yake.

Tarehe 15 Septemba 1984 alifunga ndoa na Yasen Marinski, fundi wa lifti, mtu asiyejua kungoja. Walijaliwa binti mmoja, Elitsa. Elitsa alipoondoka kwenda chuo kikuu mwaka 2006, nyumba yao ya ghorofa ya nne ikapooza, na Zlatina akaleta tangi la kioo lililoziba ukuta mzima wa sebule. Akalijaza maji ya chumvi, akapanda matumbawe: ya kijani, ya zambarau, mengine kama vidole, mengine kama kabichi. Aliyakata kwa vifaa vyake vya meno, akayagundisha kwenye mawe na kuwagawia wenzake wanaofuga matumbawe. Mgeni akiomba kipande, alimuuliza kwanza: "Una haraka? Kama una haraka, kafuge paka."

Mwezi Oktoba mwaka jana aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alipolazwa mwezi Januari, alimshika Yasen mkono akamwambia, "Mimi nitarudi kukaa mbele ya tangi langu, hata kama ni siku moja. Usiniulie bahari yangu."

Yasen aliapa. Kila siku maji ya tangi yalipungua kidogo, na kila siku akaongeza maji ya chumvi. Kwani bahari si chumvi? Alidhani anafanya vizuri. Kumbe maji hupaa peke yake na chumvi hubaki, kwa hiyo alikuwa akiikoleza bahari ya mkewe mpaka ikawa haikaliki. Matumbawe yakajikunja. Mengine yakaanza kupauka. Yasen alikosa usingizi na hamu ya kula, na kila simu ilipolia alichelewa kuipokea.

"Nitumie picha," Zlatina alisema.

Yasen, Mungu amsamehe, akatuma picha ya zamani. Simu ikalia papo hapo.

"Yasen, Meya amefufuka?"

Meya alikuwa samaki wa manjano, aliyepewa jina hilo kwa sababu aliwafukuza wenzake wote kana kwamba tangi ni lake. Alikufa kabla ya Pasaka iliyopita. Katika picha alikuwa akiogelea, tena amenona.

Yasen akalia kwenye simu. Akamweleza yote.

"Ewe mume wangu," alisema Zlatina, na sauti yenyewe ilisikika kwa shida. "Umeyageuza achari."

"Nimwage nusu sasa hivi? Niweke maji safi?"

"Thubutu! Hiyo si lifti. Chota jagi moja, rudisha jagi moja la maji yasiyo na chumvi. Asubuhi na jioni. Ukiharakisha, yatakufa yote."

Akachota. Hali ya Zlatina ilikuwa ikishuka upesi, na chumvi ilikuwa ikishuka polepole, na Yasen alikuwa katikati ya hayo mawili, mkono wake ukiwashwa kubeba ndoo nzima. Hakubeba. Sisi tuliomjua miaka yote hatukuamini.

Alhamisi, tarehe 6 Februari, alimpelekea hospitalini video ya kweli. Zlatina aliitazama akiwa ameisogeza karibu na macho. "Bado upande wa kushoto," alisema. "Usiharakishe." Alifariki saa sita mchana, Yasen na Elitsa wakiwa kando yake. Nyumbani hakurudi.

Jioni hiyo mama mdogo wa marehemu, Ginka, alikuwa akifunika vioo, kama desturi yetu ilivyo. Akafunika na tangi, shuka jeusi juu mpaka chini, akazima na taa zake za buluu. Yasen aliingia, akasimama mlangoni na koti lake.

"Mama, ondoa hilo shuka. Wale wanaishi kwa taa."

"Taa za disko kwenye matanga? Huoni haya? Kioo ni kioo, Yasen. Roho ya mtoto wangu itanaswa humo!"

"Basi na inaswe!" Yasen alipiga kelele mpaka majirani wa chini wakasikia. "Inaswe humo humo! Alikuwa anataka kurudi wapi kwingine?"

Mama mdogo alilivuta shuka yeye mwenyewe, akalikunja, akamuuliza swichi iko wapi.

Marehemu ameacha mume, Yasen, binti, Elitsa, na mkwe wake, Ognyan, mjukuu, Raya, kaka, Kamen, mama mdogo, Ginka, na matumbawe yaliyo hai katika nyumba nyingi za mji huu. Mwenye kipande chake akitunze.

Zlatina, jana jioni matumbawe ya upande wa kushoto yalianza kufunguka. Pumzika kwa amani, dada yetu. Hakuna anayeharakisha.