Baisikeli ya Daimu Yenye Meno

Mambo ya Daimu yalikuwa yamefika pabaya, na watu walikuwa wanayajadili kwenye gogo la Bi Biasha, chini ya boma la Songea, mahali ambapo kila asubuhi ilinywewa kahawa ya tangawizi na dunia nzima ikahukumiwa. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Maji Maji. Mdachi, yaani Mjerumani, alikuwa bado anatawala, na baisikeli mjini walikuwa nazo Wazungu tu. Sasa ikaja ya Daimu, muuza nta. Aliiagiza Lindi, ikaletwa vipande vipande vichwani mwa wapagazi. Mmoja wao alishikwa na homa njiani, akabaki Nalasi na kamzigo kake, wenzake wakasema kamzigo kenyewe si kitu. Daimu akaunga vyuma vyake, akapanda mbele za watu, akakanyaga pedali. Pedali zikazunguka vizuri sana. Magurudumu yakatulia tuli. Na maskini wa Mungu alikuwa ameshamwapia Mzee Swalehe wa Nalasi kwamba kabla mwezi haujaandama atafika kumposa binti yake Chiku akiwa juu ya baisikeli, kwani kulikuwa na mwanamume mwingine aliyekuwa akienda kule kwa punda.

— Kosa lako, Daimu, hukuiamuru, alisema Ombasha. Huyu aliwahi kuwapikia askari wa boma, akabaki na jina la cheo chao cha koplo, na tangu siku hizo alitembea kama mtu anayekaguliwa.

— Niiamuru?

— Kitu cha Mdachi hakiendi bila amri! Wewe umekanyaga tu, kimya kimya. Hata mimi ningesimama.

Ombasha akainuka, akabana visigino, akaipigia ukelele wa Kijerumani mpaka kuku wa Bi Biasha wakatawanyika. Baisikeli haikutikisika.

— Imeasi, alisema, akakaa.

— Taratibu na hilo neno, alidakia Fransisko. Watu walimwita Padri Mdogo, kwa kuwa alibatizwa vita vilipokwisha na sasa anafagia kanisa la misheni. — Mimi niliasi kweli. Tulinyunyiziwa dawa, tukaambiwa risasi za Mdachi zitageuka maji. Wapi! Risasi hazikugeuka. Niligeuka mimi, nikakimbia mpaka Ruvuma.

— Sasa hayo na baisikeli yangu yanahusiana nini? Daimu aliuliza. Alikuwa hana hamu hata ya kahawa.

— Tulikimbia na dawa mwilini, tukaoga kila mto. Na wapagazi wako wamevuka mito hiyo hiyo. Baisikeli imelowa dawa, bwana wee. Imeshaambiwa itashinda, sasa ikiona njia inaogopa.

— Basi ibatize, alisema Bi Biasha, akimimina.

Wakacheka wote isipokuwa Daimu. Alikuwa ameinama anaitazama mali yake kwa uchungu, maana nta ya misimu miwili ilikuwa imeyeyukia pale. Kilichomsumbua zaidi ni meno. Katikati ya pedali kulikuwa na kigurudumu chenye meno. Kwenye gurudumu la nyuma kulikuwa na kingine, kidogo, nacho kina meno. Vilitazamana kwa mbali, wala havikugusana.

— Na haya meno je? Ni ya kazi gani?

Ombasha akapiga paja.

— Ala! Kitu chenye meno kinakula! Tangu ifike umeilisha nini?

— Mafuta ya ufuta, kidogo.

— Mafuta ni kitoweo! Chakula chenyewe kiko wapi? Mnyama umemweka na njaa, halafu unampanda?

Mtu aliyekata tamaa hana aibu. Daimu akaomba kipande cha muhogo kwa Bi Biasha, akakibana kwenye meno ya mbele, akazungusha pedali. Muhogo ukakwanguka, unga ukamwagika chini.

— Inatafuna! alipiga kelele Fransisko.

— Isubiri ishibe, alisema Ombasha. Usiiharakishe.

Kuku wakarudi mbio, wakaula ule unga wote.

— Nionavyo, alisema Bi Biasha, watakaofika Nalasi ni kuku wangu.

Hapo ndipo Daimu alipoinua macho, akaona mtu anakuja kwa njia ya Tunduru, kanzu imejaa vumbi, anakokota mbuzi. Lahaula! Mzee Swalehe mwenyewe. Daimu alitamani ardhi ipasuke.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwenye akika ya mjukuu wangu, na huyu ndiye mbuzi wake. Lakini kwanza nikushukuru. Yule mpagazi mgonjwa alilala kwangu, akaniachia kifurushi, akasema kimetoka kwa Daimu. Kufungua, mnyororo! Roho ilinitoka, nikadhani boma limenifuata kwa kodi. Kumbe ni kamba ya mbuzi!

Daimu akatazama shingoni mwa mbuzi. Ulikuwa mnyororo mwembamba, umefungwa kwa kipande cha ugwe, umesuguliwa kwa mchanga mpaka unang'aa, na una vitundu vidogo vidogo, kitundu baada ya kitundu. Akageuka akatazama meno ya baisikeli yake. Akarudi kwenye vitundu.

— Ni mfupi kidogo, aliendelea Mzee Swalehe, lakini Chiku haambiwi kitu. Anasema mwanamume anayetanguliza kamba kabla ya mbuzi ni mwanamume anayefikiri. Yule wa punda tumemrudisha. Mbuzi atachinjwa leo, ila Chiku kaniapisha niurudishe mnyororo mkononi mwake.

Fransisko alikuwa ameona. Ombasha naye alikuwa ameona, kikombe kimemganda mdomoni. Bi Biasha akajiziba uso kwa kanga, mabega yanamtikisika.

— Ndiyo hii baisikeli? Mzee Swalehe aliizunguka, akaipapasa kiti. — Nimesikia haiendi. Imepungukiwa na nini?

Asubuhi nzima watu wale hawakukosa jibu. Sasa Ombasha akatazama angani. Fransisko akakuta kuna tope la kukwangua mguuni. Daimu akaona vitu viwili mbele yake: baisikeli inakwenda Nalasi, na Chiku anafungua mkono mtupu.

— Haikupungukiwa na kitu, baba, alisema. Mimi tu napenda kutembea.

Mzee Swalehe akafurahi, akamshika bega.

— Basi kesho kutwa tutarudi pamoja, uje kuposa.

Siku ilipofika wakaondoka hivyo hivyo, Mzee mbele na mnyororo wake mfukoni, Daimu nyuma anaisukuma baisikeli, wanasemezana habari za mahari njia nzima mpaka Nalasi.