Ulimi wa Kaka: Maisha ya Muuza Kanzu Aliyeonja Kila Uzi

Marehemu kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Ulimi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika chumba cha nyuma cha duka la baba, fundi cherehani. Mama alikuwa anapiga pasi kanzu ya mteja uchungu ulipomshika, na mteja akaambiwa asubiri. Kaka alikuwa kifungua mimba. Mimi ninayewasomea haya ni mdogo wake, na mgongo wake ndio ulionilea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1970. Hesabu zilimpiga chenga, tuseme ukweli. Baadaye alijiunga na chuo cha ufundi kujifunza kushona nguo za kiume, na huko mwalimu wake akamfundisha kuonja uzi: unang'ata ncha, unaizungusha ulimini, unatema. Uzi uliopakwa rangi ya majani na magome hauna ladha ya maana. Uliotiwa dawa kali unachoma. Wenzake walicheka, wakaacha. Yeye akashika.

Mwaka 1979 alirithi duka. Aliuza kanzu, kofia na vizibao ambavyo wafumaji na washonaji wake aliwajua kwa sura. Alisafiri mwenyewe hadi kwenye karakana, akaangalia mafundi wanalipwaje na maji ya rangi yanamwagwa wapi. Safari moja alirudi hana hamu ya kula. Alisema ameona kina mama wanaochovya vitambaa kwa mikono mitupu, na kucha zao zimeng'oka. Bwana harusi mmoja alipomlalamikia kwamba duka la jirani linauza kwa nusu bei, alimjibu taratibu, "Nusu iliyobaki, mwanangu, kuna mtu anailipa kwa mikono yake." Kijana akanunua, huku amenuna.

Sifa ikaenea. Wauza nguo wengine hawakununua mzigo mpaka Ulimi auonje, na kaka hakujua kumkatalia mtu. Hapo ndipo balaa lilipoingia, na hakuna aliyeliona. Kitambaa kisafi alikionja mara moja, akakikubali, yakaisha. Kile kibaya kililetwa tena na tena, kimebadilishwa jina na muuzaji, na kila mara alikitia mdomoni ili apate kukikataa. Sumu aliyowakinga nayo watu wengine ndiyo aliyokuwa akiila yeye.

Tarehe 21 Julai 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, mdarizi wa kola za kanzu. Siku ya kwanza kufika kwao alipewa kitambaa akikague, akakitafuna pindo mbele ya mama mkwe. Mama wa watu akauliza kwa upole kama huyu kijana kwao hawapiki. Shemeji alicheka mpaka akatoka nje. Walijaliwa binti mmoja, naye alikulia chini ya meza ya kukatia nguo.

Mwaka 2019 kaka alianza kulalamika kwamba chakula chote kina ladha ya chuma. Mikono ikatetemeka, akawa hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Daktari alimuuliza kazi yake, akamwambia atoe ulimi, kisha akainuka kufunga mlango. Alisema dawa za rangi zimejaa mwilini, na mstari mweusi kwenye fizi ndio dalili yake. Kaka akaacha kuonja. Wauzaji hawakuacha kuja. Binti akasema baba apumzike, kazi hiyo ataifanya yeye.

Walisumbuana sana kwa jambo hilo. Kaka, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti, alimfokea mwanawe mbele ya wateja. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, nisipoonja nitajuaje? Niwauzie watu nguo zilizong'oa kucha za wenzao?" Maneno hayo kaka alikuwa amemfundisha yeye mwenyewe.

Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Juni 2023, nyumbani, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe. Neno la mwisho aliniachia mimi: "Mtoto asitie uzi mdomoni. Mzuie." Nimejaribu. Juzi, msiba bado mbichi, mfanyabiashara mmoja alikuja kutoa pole akiwa na sampuli ya kitambaa mfukoni.

Kanzu aliyovikwa kaka leo imeshonwa na binti yake, kwa pamba isiyotiwa rangi. Alituhakikishia kwamba ni safi. Nilipomuuliza amejuaje, alitabasamu kidogo, nami nikauona ule mstari kwenye fizi zake.

Marehemu ameacha mjane, binti huyo mmoja, wajukuu wawili wadogo, na mimi mdogo wake. Mwenyezi Mungu ampe kaka yetu pumziko jema, na huyu mtoto amcheleweshe sana kumfuata.