Matoazi ya Mzee Kuramochi

Kwenye treni ya kwenda Akihabara, mtaa wa maduka ya elektroniki, mzee Kuramochi alimweleza binti wa kiti cha jirani kwa nini hubeba kifaa cha kusikilizia muziki tu ilhali simu anayo.

"Simu inameza mlio wa matoazi ya dramu, binti yangu. Hiki hakimezi."

Binti, mpima masikio wa hospitali, akatoa simu yake, akapiga mlio mwembamba wa juu sana. Abiria wa mbele wakaziba masikio.

"Umesikia, babu?"

"Nisikie nini?"

"Matoazi yanalia hukohuko juu. Huyasikii tena, basi simu ingekutosha."

Kuramochi akawatazama wale abiria.

"Nimepiga dramu miaka arobaini," akasema polepole. "Kumbe nayasikia kwa kukumbuka. Na simu hainikumbushi."

Treni ikasimama. Mzee akavaa hedfoni, akashuka.