Mabuti ya Mzee Kaimu

Kijiwe cha Fundi Isihaka kiko nyuma ya stendi ya Nachingwea: kibanda cha viatu, benchi moja refu na birika la kahawa. Wenyeji wa benchi ni Amiri, aitwaye Redio kwa kuwa habari hazimpiti, na Ismaily, aitwaye Nusu Kikombe kwa kuwa hajawahi kuagiza kikombe kizima, ingawa nusu hunywa sita. Asubuhi hiyo walikuwa wametulia kama watu walio msibani. Mbele yao, juu ya gazeti, yalikaa mabuti ya marehemu Mzee Kaimu wa Nandagala, aliyewaongoza wageni wa uwindaji porini miaka kumi na minane. Redio aliyapata siku ya arobaini ya mjomba wake huyo. Chini vumbini kulikuwa na mabuti mengine ya mtumba, mazito, yenye sura mbaya, kamba moja nyeusi na nyingine ya katani.

Jozi moja kati ya hizo mbili ingekuwa ya Twalha wa Chiola, aliyesimama mbele ya benchi. Kesho yake alikuwa anaingia doria ya siku kumi na askari wa wanyamapori wa kijiji, kuwarudisha tembo waliozoea mashamba ya watu. Msimu uliopita Isihaka ndiye aliyemchagulia mabuti, akayaapia. Siku ya pili soli ikabaki kwenye tope la mto Mbwemkuru, na Twalha, baba wa watoto wawili, akarudi amebebwa mgongoni. Mkuu wa doria alisema akibebwa tena, kazi basi. Isihaka aliona aibu mpaka akawa anazunguka nyuma ya soko ili asikutane na mke wa Twalha.

— Miaka kumi na minane! — alisema Redio. — Miba, moto wa pori, tope. Hebu nionyeshe mkwaruzo.

— Noma sana, mjomba — alisema Twalha, akiinama bila kuyagusa. — Yanang'aa kama ya jana.

— Hiyo ni ngozi ya kiboko — alisema Nusu Kikombe.

— Kiboko wapi! — alisema Redio. — Hiyo ni ya nyati dume aliyekufa kwa uzee. Nyati akifa kwa risasi, ngozi yake ina hasira, inapasuka. Akifa kwa uzee, ngozi inatulia.

— Na soli? — aliuliza Twalha.

— Tairi la ndege. Inatua na watu mia mbili na halipasuki. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa haba na haba imeingiaje hapo?

— Imeingilia mlango wa nyuma. Wewe kunywa kahawa.

Nusu Kikombe akashusha sauti.

— Mimi nawaambia, haya yanajua njia. Mwiba ukiwa mbele, yanapinda yenyewe. Mzee Kaimu alikuwa anayafuata tu.

Hakuna aliyecheka. Isihaka alitaka iwe kweli, maana ikiwa kweli, Twalha atarudi kwa miguu yake, na yeye atapita tena sokoni mbele za watu. Kazi ameifanya miaka thelathini. Kiatu kikifika mkononi, kwanza hukikunja, kisha huingiza mkono ndani. Akanyoosha mkono.

— Wee! — Nusu Kikombe alimzuia. — Samaki mkunje angali mbichi. Hayo yamekauka, hayakunjwi!

Na fundi mzima akarudisha mkono. Alikuwa anafungua kinywa kumwambia Twalha ayachukue, alipofika Bi Mwanaima, mjane wa Mzee Kaimu, ameshika ndala iliyokatika gidamu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Kumbe mmeyaleta mabuti ya mume wangu.

— Tunayastaajabia, mama — alisema Redio. — Twalha anaingia nayo porini kesho.

Bi Mwanaima aliyatazama mabuti, kisha akawatazama mmoja mmoja.

— Nani kati yenu aliwahi kumwona ameyavaa porini?

Redio alifungua mdomo, habari ikakosekana. Nusu Kikombe alichungulia kikombe chake. Isihaka alijaribu kukumbuka: alimwona Mzee Kaimu akienda nayo msikitini, alimwona nayo kwenye harusi Ruangwa, alimwona nayo hapahapa stendi.

— Alikuwa anayafunga kamba, anayaning'iniza begani — alisema mjane. — Akitoka huko, kwenye kisima cha mwisho ananawa miguu, anayavaa, ndipo anaingia mjini. Alikuwa anasema mnyama anasikia soli kabla ya kumsikia mtu.

— Sasa huko porini alikuwa anavaa nini? — aliuliza Twalha.

— Miguu yake.

Isihaka akashika buti moja, akalikunja. Soli ikakatika katikati, na unga mweusi ukamwagika juu ya gazeti. Lilikuwa limezeeka kwa kukaa. Akaingiza mkono ndani: vidole vya mguu havikuwa vimechimba alama.

Safari hii benchi zima halikuyastaajabia mabuti, bali miguu ya mzee. Miaka kumi na minane, peku, juu ya visiki vya moto na miba ya kiangazi, nyuma ya nyati. Redio alifuta macho kwa mkono wa shati, na hakuna aliyemtania.

— Subhanallah — alisema Nusu Kikombe. — Na mimi nasumbuliwa na kokoto.

Isihaka akaokota yale ya vumbini. Akayakunja, yakarudi yenyewe. Akapitisha kidole kwenye mshono; ulikuwa uzi, si gundi. Halafu fundi yule mwenye mvi akapiga magoti, akamvisha Twalha na kumfunga kamba, ile nyeusi na ile ya katani.

— Nisamehe, mwanangu — alisema, bado ameinama. — Nilikuwa nakupeleka porini kwa miguu ya marehemu. Kidole gumba kinagusa mbele?

— Hakigusi, fundi.

— Kisigino?

— Kinabana kidogo.

— Basi vua, nikilegeze. Leo huondoki hapa mpaka useme hakuna panapobana.